Njoo na Ndugu Zako Wote

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Matanga tumeshaanua, na mama yako hajambo, yumo edani.

Nasikia kikao kimekuchagua wewe usimamie mirathi ya marehemu kaka yangu. Mimi humo sina changu: baba yenu kaacha watoto wa kiume, kwa hiyo dada yake harithi. Nisikilize basi, maana sina ninachokitafuta.

Muhtasari wa kikao haukupi mamlaka. Wanafamilia wanapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua. Najua unakaa Dar es Salaam, lakini maombi yatafunguliwa huku, Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa ndiko marehemu alikokuwa na makazi. Kibali cha mazishi hakitoshi. Fuatilia cheti cha kifo RITA. Halafu ujaze Fomu Namba I na kuwataja warithi wote. Wote, mwanangu. Yule dada yako wa mke wa kwanza umwandike, hata kama humu ndani wapo wasiopenda kulisikia jina lake. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bora aje sasa kuliko uteuzi wako kuja kutenguliwa baadaye.

Alipofariki babu yenu, msimamizi alikuwa baba yetu mdogo mmoja. Barua ya mahakama alipoipata, akaifanya hati yake. Shamba la minazi akaliuza, akasema pesa zimeishia kwenye madeni ya marehemu. Madeni ya nani? Hakusema, wala daftari hakuwa nalo. Mimi na baba yako tulikuwa bado watoto, na hakuna mtu mzima aliyekwenda kumshitaki.

Ndiyo maana nakuomba ununue daftari kabla hujagusa kitu. Zinatangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mama yako ana thumni yake. Kinachobaki, mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Kile kiwanja cha Pongwe mama yako alikinunua mwenyewe kwa pesa za vitumbua. Si mali ya marehemu, usikiandike.

Ukishateuliwa, una miezi minne ya kupeleka Fomu Namba V, yenye mali na madeni yote. Hesabu za ulichokusanya, ulicholipa na ulichogawa zinaingia Fomu Namba VI. Hapa ndipo wengi wanapolala: wakishapata uteuzi, mahakamani hawarudi tena. Nyumba ya jirani yetu, wajukuu wana watoto sasa, na hati bado ina jina la babu.

Hati ya nyumba na kitabu cha benki cha baba yako ninavyo mimi, kashani. Usinitumie mtu. Njoo na ndugu zako wote, na yule dada yenu awepo, ndipo nitafungua.

Shangazi yako