Cheche Mgongoni mwa Shaba

Sisi watu wa Likasi hatuna mazoea na farasi. Tunajua mbuzi, tunajua kuku, tunajua mabehewa ya mawe ya shaba. Hata punda milia wa mwisho wa porini nchini mwetu wako mbali kule Upemba, na wengi wetu tutakufa bila kuwaona. Kwa hiyo ninaposema kanisani kwamba farasi ndiye aliyenirudishia ufundi wangu, watu hucheka kwanza, ndipo wanasikiliza.

Mimi ni fundi umeme. Kazi niliifanya kiwandani Shituru, kwenye ukumbi wa elektrolisisi, ambako shaba hujibandika polepole juu ya mabamba yaliyotumbukizwa katika maji ya asidi. Mwaka 2003 ulipokuja mpango wa kuondoka kwa hiari, ule uliochukua wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni yetu ya migodi, Gécamines, nami nilitia saini. Tangu hapo nikajihesabu mtu aliyekwisha. Nililima mahindi, nikauza makaa, mwishowe nikapata ulinzi kwenye shamba moja nje ya mji, upande wa barabara ya Lubumbashi. Mwenye shamba alikuwa na farasi wachache. Ulinzi ukageuka kulisha, kulisha kukageuka kutunza. Vyombo vyangu vya umeme vilikuwa chini ya kitanda, na mke wangu alishaanza kuuliza kama tungeviuza.

Shaba ni farasi mwekundu, amehasiwa, na kwa tabia ni mpole kuliko binadamu wengi ninaowajua. Mtoto angeweza kumvalisha blanketi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atauliza: blanketi la farasi, Kongo? Ndiyo. Likasi iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tena masika yana sababu yake. Kuna ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi, unaoletwa na usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma tangu jua kuzama hadi alfajiri. Punda milia huvibeba virusi vyake bila kuugua. Farasi asiyechanjwa ana nafasi ndogo ya kupona. Ndiyo maana usiku tunawafunga bandani na kuwafunika.

Blanketi la Shaba lilikuwa jepesi, nailoni nje, poliesta ndani. Mvua yote alilivaa bila neno. Baridi ilipoingia tukaongeza chini yake blanketi la zamani la sufu. Wiki hazikupita nyingi, farasi akabadilika. Jioni akiniona tu nimelibeba, masikio yanalala nyuma, ngozi ya mgongo inatetemeka, mguu wa nyuma unanyanyuka. Siku moja alimbana kijana wa banda ukutani, na ilikuwa bahati tu kwamba mbavu zilisalimika.

Kila mtu alikuwa na lake. Mwenye shamba alisema ni kiburi, ashikwe kwa nguvu. Kijana aliniambia, "Papa, huyu farasi iko na pepo mubaya." Daktari wa mifugo alipanda kutoka Lubumbashi, akamkagua kama inavyotakiwa: akakandamiza mgongo kidole kwa kidole, akatazama pale mabega yanapokutana, akafunua meno, akapima macho, maana farasi asiyeona vizuri upande mmoja hushtuka na kitu kinachomtokea upande huo. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Aliondoka akisema tusimpige, tuendelee kuchunguza. Namshukuru kwa hilo. Bila uchunguzi wake nisingethubutu kutafuta sababu nje ya mwili wa farasi.

Sababu ilionekana kwa sababu ya giza. Ukanda wetu una mabwawa ya umeme, Mwadingusha likifanya kazi tangu 1930, lakini taa za shamba huzimika zipendavyo. Alfajiri moja zilikuwa zimezimika, na tochi ilikuwa kwa kijana. Nikalivuta blanketi la Shaba kwa mazoea, kutoka shingoni kuelekea mkiani. Mgongo wote ukawaka cheche ndogo za buluu, zikilia kama chumvi iliyotupwa motoni. Farasi akaruka. Nami nikacheka peke yangu gizani, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Umeme tuli! Sisi wote tulikuwa tukitazama jioni, kwa kuwa jioni ndipo alipopiga mateke. Kumbe maumivu yalikuwa ya asubuhi. Jioni alikuwa anakumbuka tu.

Kule Shituru chombo kimoja cha elektrolisisi kinahitaji volti 2 hivi, lakini amperi ni maelfu. Mgongoni mwa Shaba mambo yalikuwa kinyume: volti maelfu, amperi karibu hakuna. Haziui, lakini zinachoma. Sufu ikisuguana na poliesta, moja inampa mwenzake chaji. Masika unyevu wa hewa na wa manyoya huiondoa taratibu bila mtu kujua. Kiangazi cha kwetu hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, na farasi amesimama juu ya maranda makavu yasiyopitisha kitu. Chaji inabaki hapo hapo, inamngoja anayevuta.

Dawa haikuwa ghali. Sufu ikaondoka, mahali pake tukaweka shuka nene la pamba. Kabla ya kumvua, ninampitishia sifongo yenye maji shingoni na mabegani, kisha namtoa kwenye maranda, namsimamisha kwenye ardhi niliyoinyunyizia maji. Silivuti tena blanketi. Ninafungua mikanda ya nyuma, halafu ya tumbo, ya kifua mwisho, ninalikunja na kulinyanyua juu. Kijana alipendekeza tumfunge waya wa ardhi mguuni. Nikamwambia farasi si transfoma. Akikimbia na waya huo, atavunjika mguu.

Cheche ziliisha mara moja. Woga haukuisha. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho Shituru hawafundishi: mashine ikitengenezwa haikumbuki, mnyama anakumbuka. Ikabidi nianze na taulo iliyokunjwa, mchana, bila haraka, niiguse begani na kuiondoa kabla hajakaza misuli, kisha kiganja cha pumba. Baadaye taulo iliyofunuliwa. Baadaye shuka. Alipogeuza kichwa, niliacha. Mwenye shamba aliona ninapoteza muda, naye ndiye anayelipa, lakini aliniachia. Mvua za Oktoba zilipoanza, Shaba alikuwa anasimama kuvalishwa bila kamba.

Nilipoyatoa haya kama ushuhuda, mchungaji wetu alitaka sana pepo awemo mahali fulani. Nilimwambia Mungu ameumba na elektroni pia. Hakufurahi sana, ila wiki iliyofuata aliniita nitazame kipaza sauti chake kilichokuwa kinamrusha kila akikishika. Kilikosa waya wa ardhi. Baada yake akaja mwenye mashine ya kusaga, akaja mama mwenye friji ya samaki. Vyombo vimetoka chini ya kitanda, na asubuhi ya Jumamosi huwa sipatikani shambani, niko mjini kwa kazi za watu.

Naye Shaba bado hapendi mkanda wa tumbo ukikazwa kwa ghafla. Hapo sikuchunguza chochote. Nami nisingependa.