Kitabu Kilichokuwa Chini ya Kitanda

Tulikikuta siku tuliyofagia chumba cha kifungua mimba wetu. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na juu yake limechorwa dude lenye mikono kama ya pweza. Ndani mlikuwa na majina ya miungu ya uongo, orodha ya uchawi, na kurasa nyingi za tarakimu. Akina mama wenzetu, mnaweza kufikiri tulivyoshtuka. Tunaishi Lowell, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, ambako Wakenya tumekuwa wengi, na katika ushirika wetu hatukosi kuwaombea watoto wasimezwe na mambo ya nchi hii. Safari hii baba watoto hakungoja maombi. Alikichukua kitabu akakifungia ndani ya buti ya gari.

Kijana hakupiga kelele. Laiti angepiga! Alisema tu, "Sawa, Baba," akaingia chumbani. Kwa majuma matatu hatukupata kutoka kwake ila salamu na maneno ya kuomba chumvi mezani. Sisi tuliozoea mtoto anayesimulia kila kitu, tangu alipopanda basi la shule hadi aliposhuka, tulianza kula kimya kama watu walio matangani.

Ndipo tukaamua kumwuliza, jambo ambalo tungalipaswa kuanza nalo.

Alitueleza kwamba mchezo huo unaitwa Call of Cthulhu. Ulitolewa mwaka 1981 na kampuni ya Chaosium, na mtungaji wake, Sandy Petersen, ni Mmormoni. Kanisa hilo hatukubaliani nalo kwa mengi, lakini hakika si kundi la wachawi. Mchezo umetokana na hadithi za H. P. Lovecraft, mtu wa Providence aliyefariki mwaka 1937. Si mchezo wa kompyuta. Watu huketi mezani, mmoja wao husimulia, na wengine hujifanya wahusika: daktari, profesa, askari kanzu. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni, mlango uko wazi kidogo, mnafanya nini?" Nanyi mnajibu. Penye shaka hutupwa dadu mbili zenye pande kumi kumi, zinazotoa namba kati ya 1 na 100. Kama ujuzi wako wa kutafuta habari maktabani ni 60, ukipata 60 au chini yake umefaulu. (Tulilelewa tusiguse dadu kabisa. Ilibidi tukumbushane kwamba hapakuwa na hata senti moja mezani.)

Hofu yetu, tulikuja kujua, wengine walikuwa nayo kabla yetu. Mwaka 1982 huko Virginia, mama mmoja aitwaye Patricia Pulling alifiwa na mwanawe aliyejiua, naye akaamini kwamba sababu ni mchezo wa jamii hii uitwao Dungeons & Dragons. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha kuupinga, na makanisa mengi yalimsikiliza. Kesi aliyofungua mahakamani ilitupwa. Hatuwezi kumcheka mama huyo. Mama aliyefiwa hutafuta kitu cha kushika, na mchezo ndio uliokuwa karibu na mkono wake.

Lililotuudhi sisi halikuwa lile dude. Lovecraft alikuwa mbaguzi wa rangi, na maneno aliyoandika juu ya watu weusi hatuwezi kuyarudia hapa. Tulimwuliza kijana kama anajua habari hiyo. Alijua kuliko sisi! Alitoa kitabu kingine, Harlem Unbound cha Chris Spivey, kilichotoka mwaka 2017, ambamo wapelelezi ni watu weusi wa Harlem katika miaka ya 1920, na ubaguzi wenyewe ni sehemu ya mambo wanayopambana nayo. Kumbe mtoto alikwisha kulifikiri jambo hilo peke yake, huku sisi tukikagua kurasa za mapepo.

Basi Jumamosi moja, vyombo vilipokwisha kuoshwa, tukamwambia atufundishe. Dada yake mdogo akavuta kiti akawa daktari. Mmoja wetu akawa mwandishi wa gazeti, na baba watoto, kwa ukaidi, akachagua kuwa mchungaji. Hadithi ilikuwa ya nyumba ya zamani mjini Boston, mwaka 1920. Wapangaji wamepatwa na wazimu, na mwenye nyumba anataka ajue kuna nini.

Tulidhani tungeingia moja kwa moja kupigana na mashetani. La. Saa nzima ya kwanza tulikuwa tukisoma magazeti ya zamani, tukienda ofisi ya kumbukumbu, tukiuliza majirani. Tulipotaka kuharakisha, kijana alitabasamu tu, akasema, "Mama, wanaoingia bila kuuliza ndio wanaoumia kwanza." Tulitazamana sisi wawili, tukakumbuka buti ya gari.

Kuna namba nyingine iliyotugusa. Kila mhusika ana kiasi cha akili timamu. Akiona jambo la kutisha, hutupa dadu, na akishindwa hupungukiwa. Tena kadiri anavyozidi kuyajua yale mambo ya giza, ndivyo kinavyoshuka kiwango cha akili anachoweza kurudishiwa. Hakuna anayesoma vitabu vile vya uchawi akatoka salama. Tulipowaeleza wenzetu wa ushirika, mama mmoja mzee alisema huo ni mchezo mkali kuliko mahubiri.

Hata hivyo tusifiche, kuna mahali tulipokwama. Katika hadithi hizi mbingu ni tupu. Vitu vikubwa vilivyo nje ya dunia havitupendi wala havituchukii, havitujui tu. Sisi tunaamini yuko anayetujua kwa majina, na tulimwambia kijana hivyo bila kupindapinda.

Ilipofika saa nne usiku tulikuwa tumeteremka kwenye chumba cha chini cha nyumba ile, tumeshika taa, na kitu kikikwaruza nyuma ya ukuta. Kila mtu akasema atakalofanya. Baba watoto akasema, "Mchungaji wangu anapiga magoti anaomba."

Kijana alitazama kitabu chake, akafunua kurasa, akakifunga.

"Halafu?" baba yake akauliza.

"Hakuna kinachotokea, Baba."

Baadaye akasema polepole, akiwa ameinama, "Nilipomwombea nyanya ilikuwa hivi hivi."

Nyanya yake, mama mzaa baba, alifariki nyumbani Kenya wakati karatasi zetu za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo hatukuweza kwenda kumzika. Tulitazama mazishi kwa simu, sauti ikikatikakatika, kesho yake tukaenda kazini. Kijana tulimwambia kwamba Mungu anajua, tukafikiri limekwisha. Kumbe alikuwa amemwombea kila usiku kwa miezi minne, na baadaye hakujua amwambie nani kwamba hakusikia jibu.

Hatukuwa na maneno mazuri. Baba yake, mtu asiyelia mbele ya watoto, alisema, "Hata mimi sikusikia," kisha akalia. Tulizisogeza dadu pembeni, tukachemsha chai, tukamzungumzia mama yule hadi saa nane: jinsi alivyoimba akikamua ng'ombe, alivyokataa simu ya mkononi, alivyomwita kijana huyu "mume wangu". Dada yake, aliyekuwa mdogo mno kuyakumbuka, aliuliza maswali mengi kuliko yale ya nyumba ya Boston. Kabla ya kulala tuliomba pamoja. Kijana hakuomba kwa sauti, nasi hatukumlazimisha.

Kitabu sasa kiko rafuni sebuleni. Hadithi hatujaimaliza. Mchungaji bado amepiga magoti kule chini, taa iko kando yake, na Jumamosi tutateremka tena tuone kilichoko nyuma ya ukuta.