Majina kwa Penseli

Mpwa wangu ni mtangazaji wa redio hapa Pwani. Juzi alikuja Malindi kunijulia hali, tukakaa barazani, na simu yangu ilikuwa ikicheza wimbo wa taarabu wa Juma Bhalo. Akatega sikio kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, huyu ni Mhindi aliyejifunza Kiswahili?"

Nilinyamaza. Kijana huyu amezaliwa Malindi, amesoma Kilifi, na kazi inayomlisha ni kuchagua nyimbo. Kituo chao hujaza fomu ya kuonyesha kwamba kimetimiza kiwango cha vipindi vya nyumbani kinachotakiwa na sheria, naye aliniambia kwa fahari kwamba hawajawahi kupungukiwa. Nikamwomba anitajie nyimbo za siku ile. Akataja kumi na mbili. Kumi zilikuwa za vijana wa Nairobi na mbili za vijana wa Mombasa. Udi haumo, kayamba haimo, hata muziki wa bango wa Mzee Ngala haumo.

Nikamkumbuka Ami.

Hakuwa ami yangu kwa damu, ila watoto wote wa mtaa tulimwita hivyo. Alikuwa na duka la kutengeneza redio na kuuza santuri, karibu na soko la zamani. Mlango ulikuwa mwembamba, na ukiingia harufu ilikupokea kabla ya mwenyewe: lehemu iliyoyeyuka, vumbi lililoungua ndani ya redio za mbao, mafuta ya taa, na jioni za Alhamisi, ubani. Mpaka leo nikipita kwa fundi wa simu akichoma lehemu, husimama. Kwenye rafu ya nyuma zilipangwa redio zilizofumuliwa matumbo. Kwenye meza ya mbele ilikuwapo gramafoni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kitambaa kile ila yeye.

Ami hakumuuzia mtu santuri kabla hajaisikiliza pande zote mbili. Watu walikasirika, hasa waliotoka mbali, Mambrui au Gede, wakiwa na haraka ya gari. Aliwaambia, "Keti, mwanangu. Upande wa pili nao umeimbwa na mtu." Kisha alichukua penseli iliyokaa sikioni, akaandika kwenye karatasi ya santuri jina la mwimbaji, la mtunzi wa maneno kama alimjua, la mpiga udi, na la mpiga ngoma. Karatasi iliyotoka kiwandani mara nyingi ilikuwa na jina moja tu. Ami aliona kwamba huko ni kuwadhulumu waliobaki.

Kwake ndiko nilikojua kwamba Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi, na kwamba mengi ya mashairi hayo yalikuwa ya binamu yake, Ahmad Nassir. Ndiko nilikomsikia Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, Zuhura Swaleh na kinanda chake cha nyuzi, taishokoto, Maulidi Juma na nyimbo za harusi. Wagiriama walioshuka sokoni waliuliza nyimbo za kwao, na Ami, asiyejua Kigiriama vizuri, aliwaomba wamfasirie.

Redio ilikuwa habari nyingine. Wazee waliikumbuka Sauti ya Mvita ya Mombasa na kuisimulia kama mtu aliyehama. Sisi tulikuwa na VOK, Sauti ya Kenya, redio ya serikali. Idhaa ya Taifa ilitupa salamu, rumba na matangazo ya vifo. Ile ya Kiingereza ilikuwa Jim Reeves asubuhi na disko usiku.

Kisha ikatoka amri. Miaka yote nimekuwa nikisema ilikuwa 1978. Nimepekua, na kumbe ni 1980. Haidhuru. Ninachokumbuka ni kwamba VOK iliagizwa ghafla kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya, na dukani hapakuzungumzwa jambo jingine. Watu walibishana kuhusu ndugu wa bendi ya Simba Wanyika: ni watu wa Tanga, wanapiga Nairobi, santuri zao zinatengenezwa Nairobi, je, ni wa Kenya? Ami akauliza, "Wanakula wapi? Wanalipa kodi ya nyumba wapi?" Mbishi mmoja akamgeuzia Bhalo: tuni ni ya Bombay, utaihesabu vipi? Ami akasema Bombay nzima haina mtu wa kuyatunga maneno yale.

Alifurahi mno. Alifunga duka, jambo ambalo sikumbuki akilifanya ila siku za Idi, akapanda basi kwenda Mombasa, akavuka kivuko cha Kilifi, na kurudi na katoni ya santuri kutoka duka la Assanand. Alijua watu watazisikia redioni, kisha watakuja kuziulizia.

Hawakuja. Redio ilizungusha nyimbo zilezile, nyingi za bara, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu na mkono wa mtangazaji. Wasikilizaji walilalamika, kila mmoja akitaka lugha yake na si ya jirani, na wafanyabiashara wa muziki wa nje nao wakalalamika. Muda mfupi baadaye amri ikaondolewa. Jim Reeves akarudi. Katoni ya Ami ilibaki chini ya meza, na kila santuri iliyokuwamo ilishaandikwa majina.

Yaliyofuata yalikuja haraka tu. Kanda zikaja, kila mtu akawa anarekodi cha mwenzake bure. Hotelini bendi ziliwaimbia watalii "Jambo Bwana". VOK ikawa KBC 1989. Daraja la Kilifi likafunguliwa 1991, na kungoja kivuko kukaisha. Ami alifariki, duka likawa la viatu. Vituo vya FM vikamiminika. Kanuni za utangazaji zikadai asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani, na baadaye lengo lililotajwa likawa 60. Bhalo aliacha kuimba, akafariki 2014. Zein akamfuata 2016.

Siipingi sheria. Bila sheria hata hizo kumi na mbili za mpwa wangu zisingepigwa. Lakini sheria inahesabu Kenya moja tu, na kituo kilichoko Pwani kinaweza kuitimiza mwaka mzima bila Mpwani kusikia lugha ya bibi yake. Linaniudhi sana jambo hilo, na nilimwambia mpwa wangu hivyo, kwa sauti ambayo pengine ilizidi. Akaniuliza, "Basi mjomba, nyimbo hizo nizipate wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioko Malindi, Mambrui, Takaungu, Kaloleni, Kilifi. Kama chini ya kitanda cha marehemu mzee wenu mna santuri, au kanda za harusi, za ngoma ya mwanzele, za taarabu, msizitupe, na msiziache zikaliwa na chumvi ya bahari. Zipelekeni redioni. Na kabla hamjazipeleka, muulizeni aliye hai bado: nani aliimba, nani alitunga, nani alipiga ngoma. Yaandikeni majina, maana wimbo usio na jina la mtunzi hauna wa kulipwa.