Tulipovuka Kivu kwenda kuwaona watu wa simu

Juma hili tunawarudisha kwenye safari tuliyoifanya mwezi wa pili mwaka 2019, sababu wengi wenu mnatuuliza: mtoto akitaka kwenda kumwona vedeti anayemfuata kwenye simu, tumruhusu ao tumkataze?

Tulikuwa wamama sita na watoto wanane. Tulipanda boti la usiku pale Bukavu, tukakaa kati ya magunia ya maharagwe na mikungu ya ndizi. Upepo wa ziwa ni mkali, kila mama alifunika watoto wake na kitenge. Usiku tulipita Idjwi, watu wa kisiwa wamelala. Asubuhi tukaona Nyiragongo na moshi wake, na bandari ya Goma mbele yetu. Watoto walishangaa mawe meusi kila mahali. Tukawaambia: huo ni moto wa volkano wa mwezi wa kwanza 2002 uliopoa, na watu wa Goma wamejenga nyumba na nyua juu yake na kwa mawe yake.

Tulikuwa tunaenda kwenye Festivali Amani, kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Ilianza 2014, miezi michache kiisha vita kunyamaza kando ya mji, ili watu wa kila kabila na kila upande wa mpaka wacheze pamoja. Kulikuwa na wanamuziki, wachezaji, mabanda ya vyama na ya wachuuzi. Lakini watoto wetu hawakuvuka ziwa kwa ajili ya mabanda. Walitaka kumwona kijana mmoja mchekeshaji wanayemjua kwa simu. Huyo hujifunga kitenge na kuigiza wamama wanaouza sambaza. Jina lake hatutalisema, mtaelewa kwa nini.

Saa nane mchana akapita karibu nasi. Watoto wakapiga kelele. Mweka hazina wetu, mama mwenye heshima zake, akaruka, akamshika shati kwa shingo, akamgeuza: «Mtoto wangu, simama hapa, piga foto na binti yangu!» Kijana alisimama, lakini kicheko kilimtoka usoni. Akasema polepole: «Jambo mama. Uniombe tu, nitakubali.»

Tulipata haya, wamama. Yule ambaye tunamwona kila jioni nyumbani kwetu, tulidhani ni wa nyumbani. Kumbe sisi ndio tunamjua. Yeye hajawahi kutuona hata siku moja.

Mweka hazina akamwachilia, akasema: «Unisamehe, baba.» Kijana akaita vijana wawili, wakapanga watoto kwa mstari, wadogo mbele. Akakaa juu ya jiwe. Kila mtoto alimwuliza jina lake. Binti wa mweka hazina alipofika, miaka 14, kijana akamwuliza kwanza: «Nisimame kando yako tu, ao nikushike bega?» Binti akajibu: «Kando tu.» Ikawa hivyo. Foto hiyo iko mpaka leo.

Kiisha mstari tulimpa sambusa na maji, akakaa nasi kidogo. Alituambia watu hugonga kwenye lango lao usiku wa manane wakitaka foto, na mtu mmoja alifuata dada yake mdogo njia nzima kutoka shuleni. Mama yake halali tena vizuri.

Hapo mama mmoja wetu, muuza sambaza kweli, akasema neno lake: «Mtoto wangu, video zako zinatuchekesha. Lakini ile moja ulimkamata mama mwenzetu sokoni bila kumwambia. Juma zima watu walimwita kwa lile jina ulilompa. Alibadilisha meza.» Kijana alinyamaza. Hakujitetea. Akauliza: «Anauzia wapi sasa?» Mama akamwelekeza, kijana akaandika kwenye simu yake. Juma mbili nyuma, yule mama alituambia kwamba alifika mwenyewe, akaomba msamaha, na video ikatolewa.

Mambo haya si ya Kivu peke yake. Kule Marekani, tangu 2010 kuna mkutano uitwao VidCon, ulioanzishwa na ndugu wawili, Hank na John Green, mahali ambapo watu wa video na wanaowapenda hukutana uso kwa uso. Huko, kwa vedeti wanaotafutwa sana, watu hujiandikisha na kupigiwa kura ili wapate nafasi ya kusalimia. Na si kiburi. Tarehe 10 mwezi wa sita 2016, mwimbaji Christina Grimmie, aliyejulikana kwa video zake, alikuwa anasalimia watu kiisha wimbo mjini Orlando. Alifungua mikono amkumbatie mtu mmoja, na mtu huyo akampiga risasi. Alikuwa na miaka 22. Juma mbili baadaye VidCon ilifanyika chini ya ulinzi mkali zaidi. Na Christina alikuwa na mama, kama sisi.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mtoto aende, lakini aende na mkubwa. Umfundishe kusalimia kwanza, kuomba, na kukubali akiambiwa hapana. Umfundishe pia kwamba yeye mwenyewe ana haki ya kusema «usinishike», hata kwa mtu anayempenda sana. Vedeti akimwomba namba ya simu ao wakutane pembeni, akimbie kwako. Na kama mtoto wako ndiye vedeti, umwambie: watu wanaokufuata ndio waliokuinua, usiwachafulie jina ili upate kicheko.

Wazee walisema: mcheza kwao hutunzwa. Tuwatunze hawa wanaocheza, nao watutunze sisi tunaowatazama.

Tulirudi na boti la usiku. Watoto walilala mapema. Mweka hazina alikuwa anaangalia ile foto, akasema: «Binti yangu amejua kusema neno ambalo mimi nilijua nikiwa tayari mama.» Hatukumjibu. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri yake.