Hakuna Msee Huendesha Masaa 24 Peke Yake

Saa tisa usiku, Jumapili. Niko kwa bedsitter yangu Kahawa West, miguu imeingia baridi, nimeshika usukani wa mtumba nilioufunga kwa meza na vibano viwili vya fundi wa mbao. Kwa skrini niko Le Mans, Ufaransa. Natoka kona ya Tertre Rouge naingia ile barabara ndefu iliyonyooka, kilomita karibu 300 kwa saa. Tuko nafasi ya kumi na mbili. Timu yetu haijawahi kufika hapo.

Halafu stima zikapotea. Estate nzima.

Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Lakini usiku huo nilikaa kwa giza nikalia, na haikuwa kwa sababu ya gemu.

Wacha nianze mwanzo kwa wale hawajui. Sisi Wakenya tukisikia mbio za magari tunafikiria Safari Rally: vumbi, Naivasha, mbuzi choma. Le Mans ni kitu kingine. Ilianza 1923, na mzunguko mmoja ni kilomita 13.626. Sehemu kubwa yake ni barabara za kawaida ambazo siku zingine watu hupita wakienda kazi. Mnazunguka hapo masaa 24, mchana na usiku, mvua ikinyesha mnazunguka tu. Gari ni moja, madereva ni watatu, wanapokezana zamu. Na kuna sheria: dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya masaa manne ndani ya masaa sita, na kwa jumla asipitishe masaa 14. Hiyo sheria iweke mfukoni, tutaihitaji.

Ya kwa kompyuta ni vile vile. 2020 Corona ilipofunga dunia, Le Mans yenyewe ikasongeshwa hadi Septemba. Ile wikendi ya Juni wakafanya ya mtandaoni: magari 50, madereva 200, masaa 24 kamili, watu wa Formula 1 wakikaa timu moja na vijana wa gemu. Na kama unadhani kukatika ni shida ya Kahawa West pekee, Januari 2023 Max Verstappen alikuwa anaongoza Le Mans ya mtandaoni, akatupwa nje ya seva. Bingwa wa dunia! Alikasirika, timu yake ikajiondoa.

Halafu kuna Jann Mardenborough, kijana aliyekulia Cardiff akicheza Gran Turismo. 2011 akashinda shindano la wachezaji wa hiyo gemu, akapewa gari la ukweli. 2013 timu yake ikahesabiwa ya tatu kwa daraja lao pale Le Mans. Le Mans ya lami, si ya skrini.

Huyo jamaa nilimtumia vibaya sana. Nilipoacha chuo, kila mtu akiniuliza, nilikuwa namtaja. "Unaona Mardenborough? Si kila mtu lazima apite kwa lecture hall." Nikasema hivyo mpaka kwa video. Mkapenda, mkashare.

Ukweli ni huu. Sikuacha chuo kufuata ndoto. Nilikuwa mwaka wa pili, nikawa na balansi ya fees, nikafungiwa kufanya mitihani. Ningemwambia mathee wiki hiyo, pengine tungepata njia. Kuna wajomba, kuna chama, kuna ofisi ya wanafunzi pale pale chuoni ambayo sikuwahi hata kubisha mlango. Lakini nilisema nitajipanga. Nikaanza kuedit video za watu usiku, nalipwa kidogo kidogo, balansi inakua kuliko mimi. Semista ikaisha. Nyingine ikaisha. Mathee anauza nguo sokoni Nakuru, kila mwezi ananitumia ya rent, anauliza, "Masomo inaendeleaje, baba?" Namjibu, "Poa, mum."

Mwaka mmoja na nusu. "Poa, mum."

Sasa turudi Le Mans, 1952, kabla ya hiyo sheria ya masaa. Kulikuwa na dereva Mfaransa anaitwa Pierre Levegh, gari lake Talbot. Alikuwa na mwenzake, amevaa, anangoja zamu yake. Levegh akakataa kumpa usukani. Aliendesha mchana, akaendesha usiku, asubuhi ikampata bado ameshika. Peke yake. Na alikuwa anaongoza! Aliwaacha Mercedes nyuma kwa mizunguko kadhaa. Ikabaki zaidi kidogo ya saa moja, injini ikavunjika. Wengi husema alichoka akaingiza gia mbaya. Mercedes wakashinda.

Kitu kiliniguza si kuvunjika kwa injini. Ni sababu inayotajwa ya kukataa kwake. Inasemekana alikuwa amesikia injini ikitetemeka vibaya, akaamini ni yeye tu anaweza kuibembeleza mpaka mwisho. Kwa hivyo haikuwa kiburi peke yake. Alikuwa anajaribu kumkinga mwenzake na shida.

Niliposoma hiyo nilifunga simu. Kwa sababu hivyo ndivyo nilikuwa najiambia kuhusu mathee. Eti namkinga. Ana presha, ana madeni yake, wacha hii niibebe mimi. Kumbe nimemkatalia mtu usukani na shida ni yake pia.

Usiku ule stima zilipopotea, nilikuwa nimeendesha karibu masaa manne bila kushuka. Wenzangu wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine Eldoret, walikuwa wameniambia mara tatu nishuke. "Bro, unayumba, leta gari." Nawajibu, "Niko poa, mzunguko mmoja tu." Niko poa. Hiyo sentensi nimeizoea kuliko jina langu.

Nikawasha bando ya simu niwaombe msamaha. Nikapata gari lishavutwa mpaka karakana, msee wa Eldoret ashaingia, anaendesha. Tulikuwa tumeanguka hadi nafasi ya ishirini na kitu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yule wa Mombasa akauliza tu, "Ushakula? Basi lala. Tukikuhitaji tutakupigia saa mbili."

Hapo ndipo nililia.

Saa mbili asubuhi walinipigia. Stima zilikuwa zimerudi. Nikaendesha zamu yangu, nikashuka nilipoambiwa shuka. Tukamaliza nafasi ya kumi na tisa. Hakuna kombe, hakuna pesa. Lakini tulimaliza.

Jioni nikapigia mathee. Nilimwambia yote, kuanzia balansi ya kwanza. Nilitarajia aseme nimemuumiza, ama asamehe kama mama wa kwa filamu. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Na zile pesa za graduation nimekuwa nikiweka kwa chama, nilikuwa nawekea nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Alikaa siku tisa bila kunipigia. Siku ya kumi akapiga: "Umekula?" Sijui kama hiyo ni msamaha. Lakini tulianza kuhesabu pamoja. Ile pesa ya chama hatujaigusa. Kuna mjomba anajua mtu wa kozi fupi ya video, nalipia polepole mwenyewe. Labda chuo nitarudi, labda sitarudi. Sitawadanganya tena kwamba nilitoka kishujaa.

Kwa hivyo ile video ya Mardenborough nimeitoa. Jamaa mwenyewe hana makosa. Aliingia kwa gari ambalo watu wengi walikuwa wamelisukuma, akafunzwa, akapewa wenzake wa kupokezana nao. Mimi nilichukua stori yake nikatoa hao watu wote, nikabaki na mtu mmoja na kipaji. Haikuwa stori yake. Haikuwa hata yangu.

Siwaambii muache chuo, na siwaambii mbaki. Nasema tu, Le Mans waliamua hili jambo ni la sheria, si la kujisikia. Hata kama uko na nguvu, hata kama unaongoza, saa ikifika unashuka, mwenzako anaingia. Walijua dereva aliyechoka ndiye wa mwisho kukubali kwamba amechoka.

Kama unasoma hii saa tisa usiku, na kuna mtu unamwambia "niko poa" kila siku, huyo mtu ashavaa helmeti. Anangoja tu uingie karakana. Mpigie.