Milimita 19

Baba aliituma saa kwa basi kutoka Moshi, ndani ya bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu kama vile ndani mna dhahabu. Maagizo yalikuja kwa simu: "Badilisha mkanda tu, mwanangu. Na fundi aiangalie, siku hizi inasimama-simama."

Ni Seiko 5, ile inayoonyesha siku na tarehe. Ndiyo niliyojifunzia kusoma saa. Nikajiambia hii ni kazi ya nusu saa, nitaimaliza nikitoka kula mchana.

Kariakoo muuzaji akaniuliza saizi. Nikamjibu, "Ya kawaida." Hapo ndipo nilipojiponza. Mkanda haupimwi kwa ukubwa wa saa. Inapimwa nafasi iliyopo kati ya zile pembe mbili zinazoshika pini, tena kwa milimita. Mkanda wa kwanza ulikuwa 20. Haukuingia, nikaupunguza kingo kwa wembe (usijaribu). Wa pili ulikuwa 18. Huo uliingia kirahisi mno, ukawa unacheza huku na huku, pini inachungulia pembeni.

Siku ya tatu nikaenda kwa fundi saa, mzee anayekaa kibarazani na kijimeza chake cha kioo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hii ni 19, kijana," alisema hata kabla ya kuinua rula. "Seiko za zamani nyingi ziko hivyo. Mkono wa mwenyewe una ukubwa gani?"

Nikanyoosha wa kwangu. Akauangalia, akaangalia mkanda wa zamani, akatikisa kichwa.

"Mwenyewe siyo wewe."

Akanionyesha. Alama ya bakoli ilikuwa imechimba sana kwenye tundu la tatu, miaka na miaka ya tundu la tatu. Lakini kupita tundu la mwisho la kiwandani kulikuwa na mengine matatu, yametobolewa kwa msumari, yamekwenda upande. La mwisho kabisa ngozi yake ya ndani ilikuwa bado nyeupe.

Nikampigia Mama. Nikamwomba ampime Baba mkono kwa uzi, kisha auweke uzi kwenye rula. Sentimita 15 na nusu. Wangu ni 18, na tangu utotoni naambiwa nina mikono ya baba yangu.

Fundi akatafuta mkanda mfupi, maana mikanda inatofautiana urefu pia, siyo upana tu. Akaitikisa saa kidogo, akaiweka sikioni.

"Nzima hii. Haina betri, inajitia ufunguo yenyewe mkono ukitembea. Ikikaa tu siku mbili, inasimama. Mzee anatoka nje?"

Mimi ni mwandishi wa habari, naishi kwa kuuliza maswali. Hilo nililipeleka kwa Mama, aliyekuwa bado hewani. Alinyamaza kwanza.

"Alikataa tusikuambie," akasema.

Sikuituma kwa basi. Ijumaa nilipanda mimi, nimeivaa ili isisimame njiani. Mkanda ule mfupi ulifika mkononi mwangu kwa tundu la mwisho kabisa, na ukanibana. Tulipofika Korogwe nikaivua, nikaishika kiganjani, na kila baada ya muda naitikisa. Abiria wa pembeni alidhani imeharibika.