Mizani ya Joto: Kiswahili Katika Mlango wa Fizikia

Imekita mizizi katika vyuo vyetu dhana kwamba Kiswahili ni lugha ya tenzi na mahaba, na kwamba kikikaribia maabara hupigwa na bumbuwazi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi ya Kenya, lakini fizikia ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Mdogo wangu, mwanafunzi wa somo hilo, alinichokoza likizoni: "Dada, nieleze kwa Kiswahili chako jinsi joto linavyopita katika semikonda. Ukishindwa, ukubali kwamba unasomea mapambo." Maneno hayo yalinichoma, kwani yaliihukumu miaka yangu yote ya masomo.

Nilianzia penye ujuzi wangu. Shairi la arudhi lina mizani. Mishororo hufuatana kwa kipimo kimoja, na mghani huteremka nalo bila kujikwaa. Fuwele ya silikoni ni vivyo hivyo. Atomu zake zimejipanga kwa safu zilizolingana, nalo joto hupita kama mtetemo unaopokezanwa. Katika shaba wachukuzi wakuu wa joto ni elektroni. Katika silikoni ni mitetemo hiyo. Kwa hivyo silikoni, ingawa si metali, hupitisha joto takriban wati 150 kwa meta kwa kelvini. Gerimani hupitisha takriban 60.

Zichanganye ziwe aloi, atomu 4 za silikoni kwa 1 ya gerimani. Je, tutapata kiwango cha katikati? La hasha! Hushuka hadi takriban 10 au chini ya hapo. Atomu ya gerimani ina uzito unaozidi mara mbili na nusu ule wa atomu ya silikoni. Ikipachikwa bila mpango, mizani huvunjika, na mitetemo, hasa ya mawimbi mafupi, hutawanyika. Elektroni nazo husumbuka, ila si kwa kadiri hiyo. Zikiongezwa kwa wingi, hubeba sehemu ya joto, lakini pia hugongana na mitetemo na kuitawanya.

Faida yake ni kwamba upande mmoja hubaki moto na mwingine baridi, na tofauti hiyo huzaa umeme. Vyombo vya Marekani vya Voyager 1 na 2, vilivyorushwa angani mwaka 1977, vilitegemea aloi hiyo hiyo, iliyopashwa joto na plutoni.

Mdogo wangu aliuliza swali la pili, kisha la tatu, na yote yalihusu elektroni. La lugha hakulitaja tena. Huo ndio ushahidi niutoao. Fuwele na mtetemo ni maneno tuliyokuwa nayo. Elektroni tumelikopa, kama Kiingereza kilivyolikopa kwa Wayunani. Wanachama wenzangu, tusiridhike kukitetea Kiswahili kwa hotuba. Kila mmoja wetu na achague mada moja ya sayansi, aielewe barabara, kisha aiandike. Lugha hukua kwa kutumwa kazi.